Uwatu na maziwa ya mzazi
Mdogo wangu, hongera kwa uzazi. Umeuliza kama uwatu utakuongezea maziwa, mtoto akiwa na wiki tatu. Huku Pwani wazazi wengi wanautumia: loweka kijiko kidogo cha mbegu usiku, asubuhi chemsha na maji yale yale unywe, au tia unga wake kwenye uji. Wapo wanaoona tofauti baada ya siku chache, wapo wasioona kitu. Ushahidi wa kitaalamu wenyewe bado mdogo. Usishangae jasho na mkojo vikinukia uwatu. Ila kama una kisukari, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au karanga na dengu zinakudhuru, achana nao. Mtoto akianza kuharisha, simamisha.

Majani ya mlonge pika kama mboga. Mtori na uji wa pilipili manga sina ugomvi navyo, vinakupa nguvu na maji mwilini, lakini anayeagiza maziwa hasa ni mtoto mwenyewe anaponyonya. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiruke, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Chuchu ikiuma, mara nyingi hajashika vizuri: apanue kinywa, ashike na ile sehemu nyeusi, siyo ncha tu.

Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda, maziwa yanatosha hata kama matiti yamelegea. Asipofikisha hapo, nenda kliniki leo, usisubiri uwatu ufanye kazi.