Bosi aliyevunja ubao wa choo NASA alikuwa nani?

SWALI: Habari yako kaka, mi napenda sana muvi za wanaanga, juzi nimeangalia Hidden Figures na Apollo 13 na mdogo wangu, na zote tunaambiwa zimetokana na kisa cha kweli. Sasa mdogo wangu kaniuliza yule bosi aliyevunja ubao wa choo cha weusi pale NASA aliitwa nani, nikakosa jibu. Aliishi kweli?

JIBU: Hakuwepo ndugu yangu. Al Harrison, yule bosi wa kwenye Hidden Figures, wamemtunga, wamechanganya mabosi kadhaa wakatoa mmoja, na kile kipande cha kuvunja ubao hakikutokea kabisa. Hapo ndo panaponiuma, maana yaliyotokea ni mazito kuliko muvi: Katherine Johnson, yule mama mweusi mtaalamu wa hesabu wa NASA, hakuwa anakimbia na mafaili mkononi kwenda jengo la mbali kutafuta choo, alikuwa anaingia kilichokuwa karibu ambacho hakijaandikwa chochote mlangoni, akakitumia miaka, na watu walipokuja kulalamika hakuwajali, akaendelea kuingia. Aliyepata aibu ya kutafuta choo cha weusi ni mwenzake Mary Jackson. Yani ujasiri wa Katherine wameuchukua wakampa bosi wa kwenye skripti, na mzungu!

Miaka nayo wameivuruga. Muvi iko 1961 na Dorothy Vaughan, mwenzao mwingine, bado anadai cheo cha usupavaiza, wakati alishakuwa nacho tangu 1949. Ila mwanaanga John Glenn kweli aliomba Johnson azipitie hesabu za kompyuta kabla hajaruka Februari 20, 1962, sema haikuwa mbiombio za dakika za mwisho, alikaa nazo siku moja na nusu na mashine yake ya mezani.

Apollo 13 kwenye vitu wako makini sana. Vile vichujio vya hewa vya mraba vilivyoungwa mahali pa vichujio vya duara kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu na tepu, Aprili 1970 ilikuwa hivyohivyo, na waigizaji unaowaona wanaelea walikuwa wanaelea kweli, walipandishwa ndege ya NASA inayopaa na kushuka, kila mara wanapata kama sekunde 25 tu. Tatizo linakuja kwa watu: ugomvi wa wanaanga Swigert na Haise haukuwepo, aliyetangulia kuiambia Houston, kituo kinachoongoza safari, kuna tatizo ni Swigert sio kamanda wao Lovell, alafu ule mpangilio wa kuwasha chombo kwa umeme kidogo muvi inampa Ken Mattingly, mwanaanga aliyebaki duniani, peke yake kwenye simuleta, wakati ni kazi ya mainjinia wengi akiwemo John Aaron.

Kwahiyo mwambie mdogo wako huyo bosi ni wa kutungwa, ila aliyeingia choo kile bila kuomba ruhusa ya mtu anaitwa Katherine Johnson.