Tunashinda zabuni, fedha hatuna

SWALI: Shikamoo Mama Mkandarasi. Nasoma uhandisi, nyumbani Ujiji. Timu yetu inashindana na vyuo vingine kuendesha kampuni ya ujenzi kwenye kompyuta. Tunashinda zabuni kuliko wote, lakini raundi ya nne tumeishiwa fedha, na faida inaonekana ipo. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Faida hiyo bado haijafika benki. Chukua kazi ya shilingi milioni 200 kwa miezi 5. Kila mwezi mnatumia milioni 38. Kila mwisho wa mwezi mhandisi anasaini hati ya malipo, karatasi inayothibitisha kazi iliyofanyika; mteja anazuia asilimia 10 yake, kisha analipa baada ya siku 60. Hundi ya kwanza, milioni 36 (yaani milioni 40 za mwezi wa kwanza ukitoa hiyo asilimia 10), inaingia mwisho wa mwezi wa tatu, nanyi mmeshatoa milioni 114! Mkishika kazi tatu za namna hiyo kwa mpigo, nani atawabeba?

Mimi hapa Mwanga nalipa vibarua kila Jumamosi, hundi iwe imetoka au haijatoka. Kibarua hawezi kumwambia mwenye duka la unga asubiri mhandisi asaini.

Kabla ya kuandika bei, pangeni fedha zinazoingia na kutoka mwezi kwa mwezi, kazi zote kwenye jedwali moja. Mwezi wowote ukivuka mkopo mnaoruhusiwa, iacheni zabuni hiyo, hata kama inawatoa udenda. Na anayekadiria bei asiwe ndiye mtunza fedha. Mpeni binti au kijana mbishi kazi hiyo ya pili.