Bando limekwisha, na salio nalo limekwenda wapi?

Juzi msomaji mmoja wa Konde kaniandikia: "Dada, nimeweka elfu tano, nikajiunga bando la siku la elfu moja. Nimelala na salio la elfu nne, naamka sina hata shilingi. Wananiibia?"

Bibie, kwanza pole. Mimi nauza madira na mabuibui hapa Wete, wateja wangu wengi wako Unguja, na duka langu ni WhatsApp. Kwa hiyo suala hili nimelifukua mpaka chini. Bando la siku likitimiza saa zake linakufa, lakini data umeiacha wazi. Wewe umelala, simu iko macho: inapandisha picha zako mtandaoni, programu zinajisasisha, magrupu yanamimina video. Vyote hivyo vinakula salio la kawaida, tena kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni ghali zaidi kwa kila MB. Kanuni za 2021 za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, zinataka kampuni ikujulishe bando likifika asilimia 75 na likifika 100, na wewe ndiye uchague kuendelea bila bando. Lakini ujumbe ule nani anausoma? Tunabonyeza tu upite.

Mimi salio la kawaida siweki kabisa. Bando nanunua moja kwa moja kwa pesa ya mtandao, siyo ya vocha. Likikata, intaneti nayo inakata, basi. Na kwenye mipangilio ya WhatsApp nimezima video zisijipakue zenyewe.

Hapo ndipo nilipochukiwa. Niliomba kwenye grupu la familia watu wapunguze video: maua ya Ijumaa njema, harusi za watu tusiowajua, mawaidha yale yale yaliyokwishapita mara tatu. Wifi yangu mmoja akajibu mbele ya wakwe, "Bakhili huyo, hata MB anazihesabu." Wakacheka. (Hasomi hapa, na akisoma na asome.) Ramadhani iliyopita, mwezi ambao madira yanatoka kweli kweli, nani alinipigia usiku nimrushie bando? Nilimrushia. Sikusema neno, ila nilitamani.

Jamani, hesabuni! Elfu moja ya leo, elfu moja ya kesho, mwisho wa mwezi ni nauli ya boti. Anayekucheka hatakulipia. Msione haya kuzima data mnapolala.

 Na wewe wa Konde, kama data ulizima, usifute ujumbe wowote. Wapigie huduma kwa wateja, wakupe namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, TCRA wana ofisi Unguja.