Hakikisha Amekufa Kabla Hujafunga Mfuko

Mwaka wangu wa kwanza kuhudumia wanyama wa maabara, niliweka watoto sita wa panya, wenye umri wa siku tatu, kwenye boksi la hewa ukaa ili kuwaua. Baada ya dakika kumi walikuwa wametulia tuli, ngozi imegeuka zambarau. Nikawatia kwenye mfuko, nikaufunga, nikakaa kujaza daftari. Punde nikasikia mfuko unachakarika. Mmoja alikuwa amerudi: mdomo wazi, anavuta pumzi kwa kwikwi, wekundu unarejea tumboni. Nilimaliza kazi niliyoiacha nusu, kisha nikatoka nje maana mikono ilikuwa inatetemeka.

Hakuna aliyenionya, na mimi sikuuliza. Mtoto mchanga wa panya ametoka juzi tu tumboni, alikokuwa akiishi kwa oksijeni kidogo, kwa hiyo kukosa hewa kunamwua polepole mno. Mwongozo wa AVMA, chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, unasema anaweza kuhitaji hadi dakika 50 ndani ya gesi hiyo. Vifaranga waliototolewa karibuni nao ni wagumu, maana hata ndani ya yai walishazoea hewa ukaa nyingi. Ndege mkubwa ni kinyume: mapafu na vifuko vyake vya hewa huichukua gesi upesi.

Kwa panya wakubwa, angalia kasi ya gesi. Hewa ukaa ikikutana na unyevu wa pua na macho hugeuka tindikali, na inauma. Ndiyo maana boksi halijazwi gesi kabla mnyama hajaingia. Aingie kwanza, halafu ufungue gesi. Toleo la AVMA la 2020 linataka asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa boksi kila dakika. Boksi la lita 10 basi ni lita 3 hadi 7 kwa dakika. Hilo halikisiwi kwa kusikiliza mlio wa mtungi. Kama huna kipimo cha mtiririko, usianze. Barafu kavu, yaani hewa ukaa iliyogandishwa, usiitumie kabisa.

Ikiwezekana, usimhamishe mnyama. Gesi imfuate kwenye kizimba chake, pamoja na wenzake aliowazoea. Usimchanganye na wageni saa ile.

Kwa sungura na wanyama wakubwa zaidi, mimi huchagua pentobabitali, dawa ya usingizi, ya kuzidi kipimo, kwenye mshipa. Anapoteza fahamu kwanza, ndipo moyo unasimama.

Sasa lile lililonifunza. Kuacha kupumua si kufa. Weka stethoskopu kifuani usikilize moyo, bila haraka. Gusa mboni ya jicho, bana kidole cha mguu, uone kama bado anashtuka. Kisha, hata kama umeridhika, ongeza njia ya pili: kufungua kifua, au kutengua shingo kwa panya mdogo na ndege mdogo. Kutengua shingo usijifunzie kwa mnyama aliye macho. Anza na mizoga, kisha waliolazwa kwa dawa ya usingizi, huku mwenye uzoefu amesimama kando yako. Nimeona mkono ukisita katikati, na aliyelipia kusita kule ni mnyama.

Daftari letu sasa lina safu mbili zaidi: moyo umesimama saa ngapi, na njia ya pili ilikuwa ipi. Mfuko haufungwi kabla safu zote mbili hazijajazwa, na anayefunga huweka sahihi yake.