Likizo ya majira ya baridi huandaliwa kazini

Kwa wanaoishi kaskazini mwa dunia, likizo ya mwisho wa mwaka huangukia wakati ambapo mchana ni mfupi kuliko siku nyingine zote, yaani karibu na tarehe 21 au 22 Desemba, na wengi huifikia wakiwa hoi kwa kazi za mwaka mzima na kwa haraka ya kukamilisha kila kitu kabla ofisi hazijafungwa. Baada ya kuajiriwa kwa miaka mingi, naamini kwamba likizo hiyo hutengenezwa au huharibiwa katika wiki ya mwisho ya kazi.

Kinachomfuata mtu nyumbani ni kazi aliyoiacha njiani. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti ambamo washiriki walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Waliomfuata hawakupata matokeo hayo kila mara, lakini aliyewahi kuamka usiku wa manane akiwaza ripoti isiyokamilika atamwelewa. Majaribio ya wanasaikolojia Masicampo na Baumeister, yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliongeza jambo lenye manufaa zaidi: si lazima kazi iishe ndipo akili itulie, kwani kupanga bayana namna itakavyoendelezwa kulitosha kupunguza mawazo hayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, huandika kwa kila jambo lililobaki hatua ya kuanzia, siku nitakayolishughulikia, na mwenzangu wa kuulizwa dharura ikitokea. Karatasi hiyo huiacha kazini makusudi, nisiwe na cha kuchungulia nyumbani. Barua pepe za kazi nazo huziondoa kabisa kwenye simu. Kuzima mlio pekee hakusaidii, kwa sababu vidole vina mazoea yake.

Siku za kwanza zisikukatishe tamaa. Aliyezoea kukimbizana na saa anaweza kujikuta na kichwa kizito na hasira za karibu, hata akadhani kwamba hajui kupumzika. Siku hizo mimi sipokei wageni wala sisafiri, ingawa ndugu hunung'unika, na wana haki ya kunung'unika.

Kuhusu usingizi, nalala mapema zaidi badala ya kuchelewa kuamka. Saa ya mwili hurekebishwa hasa na mwanga, na katika latitudo ya London mchana wa siku hizo haufikii urefu wa saa 8, hivyo anayeamka adhuhuri amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwanga huo. Matembezi mafupi ya asubuhi yanafaa hata mawingu yakiwa yametanda, kwa kuwa mwanga wa nje kwa kawaida huushinda ule wa taa za ndani. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatakata usiku.

Mwenye nafasi ya kuchagua aombe siku zinazofuatana, hata zikiwa chache, badala ya kuzitawanya hapa na pale. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka likizo ya mwaka isiyopungua wiki 3 na, ikigawanywa, kwa kawaida sehemu moja iwe na angalau wiki 2 mfululizo. Kama mwajiri wako hawezi kukupa zote Desemba, mwulize mapema ni lini utazipata, na jibu lake liwe kwa maandishi.