Maswali ya Wasomaji: Mume anataka mto, mimi nataka historia

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna siku 6 mwezi wa nne, tutashukia Atlanta, tukodi gari twende Alabama. Yeye anataka kayaki na kupanda mlima, mimi nataka historia ya watu weusi, sasa kila jioni tukifungua ramani ni ugomvi. Tugawane siku tatu tatu?
– Mke wa mpanda milima

JIBU: Msigawane dada yangu, mtaharibu safari bure. Alabama historia yenyewe iko majini na barabarani, kwa hiyo ukimwacha shemeji mtoni wewe ukaenda makumbusho mtakuwa mnaangalia kitu kimoja kila mtu kivyake.

Mimi ningeanzia kule chini kabisa, Mobile, ni kama masaa matano hivi kutoka Atlanta, yamalizeni siku ya kwanza. Juu ya mji kuna delta ya Mobile-Tensaw, mito na vinamasi na miti imesimama ndani ya maji, shemeji apige kasia mpaka achoke mwenyewe (ila awe na mwenyeji wa kumwongoza, mamba wapo). Sasa maji ya huko huko ndiyo yaliyopokea Clotilda mwaka 1860, meli ya mwisho inayojulikana kuleta watumwa Marekani, watu kama 110 waliosafirishwa kutoka Dahomey (ufalme wa zamani, Benin ya leo), na kuingiza watumwa kulishapigwa marufuku tangu 1808, ndio maana wenye meli waliichoma moto kuficha ushahidi. Mabaki yake yalitambuliwa rasmi 2019. Wale watu walipopata uhuru hawakuwa na nauli ya kurudi kwao, wakajichanga wakanunua ardhi, wakajenga kitongoji cha Africatown, na kipo mpaka leo. Nendeni Africatown Heritage House, jumba la maonyesho lililofunguliwa 2023, mtaona vipande vya mbao za meli vimelazwa ndani ya maji maana vikikauka vinaharibika. Vipande vidogo tu jamani, lakini utasahau saa.

Kutoka hapo pandeni Selma. Daraja la Edmund Pettus msilipite na gari, egesheni mtembee. Limeinuka katikati, ukianzia upande wa mjini huoni kinachokusubiri ng'ambo mpaka ufike juu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Machi 1965 kwa waandamanaji kama 600 waliodai haki ya kupiga kura, walifika pale juu ndio wakaona mstari wa polisi chini, na baadaye virungu na mabomu ya machozi. Na daraja bado lina jina la jenerali wa jeshi lililopigania utumwa! Mimi linanikera, ingawa wapo waliopigwa pale pale wanaosema liachwe, kwamba jina nalo ni ushahidi.

Barabara namba 80 hadi Montgomery, kilomita 87, ndiyo njia waandamanaji waliyotembea wiki mbili baadaye. Nyie mtatumia saa moja. Mjini kuna kumbukumbu ya walionyongwa na magenge ya wazungu, nguzo za chuma zaidi ya 800, mwanzoni ziko usawa wa macho, halafu sakafu inashuka taratibu mpaka zinaning'inia juu ya kichwa chako. Hapo msipange kitu kingine siku hiyo.

Mlima ni wa wakati wa kurudi, Cheaha, futi kama 2,400, mrefu kuliko yote Alabama na unaelekea Atlanta. Shemeji asitegemee makubwa, ila njia ni nzuri. Kagueni kupe kwenye soksi, na Aprili ni msimu wa tonado, simu zisizimwe usiku.

SWALI: Sisi likizo yetu ni Julai tu, Alabama inaendeka?
– Msomaji

JIBU: Inaendeka, ila shati litaloa kabla hujafunga mlango wa gari. Tembeeni alfajiri, mchana ingieni Cathedral Caverns kule kaskazini, mdomo wa pango una upana wa mita 38 na ndani kuna ubaridi wa nyuzi kama 15 mwaka mzima. Bebeni sweta, na watu wa mapokezi hotelini wakicheka waacheni wacheke.