Chupa ikigeuka nyeusi, ziwa lina kinyesi?

Wiki hii maswali yote yametoka mialoni na mitoni, nami nimefurahi kuona watu wanayapima maji yao wenyewe.

Tuligawiwa chupa za kupimia maji hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ya maji ya ziwa imekuwa nyeusi siku ya pili. Ni kinyesi?

Huenda, ila chupa hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha. Weusi unaletwa na ile gesi yenye harufu ya yai bovu inapokutana na chuma kilichomo ndani ya dawa iliyotiwa chupani. Bakteria wengi wa tumboni huitoa, lakini wapo pia wanaoishi kwenye tope la ufukweni ambao nao huitoa. Mkichota karibu na magugu, mtapata weusi hata pasipo choo jirani. Chupa hizi ni rahisi na hazihitaji umeme. Zitumieni kwa kisima au bomba. Ziwani, ikiwa nyeusi, pimeni tena kwa njia nyingine.

Shikamoo. Kikundi chetu cha Mabatini, hapa Mwanza, kinataka kufuatilia kinyesi katika Mto Mirongo. Tuchague kipimo gani?

Marahaba. Maabara nyingi huchuja mililita 100 kwenye kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, hukilaza juu ya chakula cha bakteria kwa nyuzi 44, na kesho yake huhesabu vidoa vya bakteria vilivyoota. Ni njia nzuri sana kwa maji maangavu. Mirongo baada ya mvua ni tope tupu, kichujio kitaziba, kwa hiyo itabidi mchuje mililita 1 au pungufu, iliyozimuliwa kwa maji safi ya maabara.

Mimi ningechagua kipimo cha unga unaochanganywa na sampuli ya maji. Sampuli hukaa saa 24 kwa nyuzi 35. Ikiwa manjano, kuna koliformi, yaani kundi pana la bakteria. Iking'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, kuna E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi. Manjano yasiwatishe, kwa kuwa katika joto letu koliformi wengine huishi udongoni tu. Ulizeni buluu. Pimeni juu na chini ya makazi, kiangazi na masika, kwani sampuli moja ya siku ya jua haisemi lolote kuhusu siku ya mvua. Zisafirishwe kwenye barafu na zifike maabara ndani ya saa 6. Nawasihi msilegeze hapo. Sampuli iliyoshinda juani kwenye bodaboda ni kazi bure.

Ufukwe wetu wa Luchelele umepimwa: E. coli 40 kwa mililita 100. Watoto waoge?

Kwa kunywa, hapana. Shirika la Afya Duniani linataka asiwepo hata mmoja. Kwa kuogelea, Marekani huruhusu wastani wa 126, tena wa sampuli kadhaa. Lakini kipimo hicho hakioni kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi. Msiwaache watoto waingie ziwani. Chota maji, yafunike siku 2 pasipo konokono ndani. Vimelea wa kichocho, ambao hutoka kwa konokono, watakufa, kisha watoto waoge nyumbani.